Barua ya wazi: Saa za kuruka mnazodai, kijana azipate wapi?

KWA: Wenye dhamana ya usafiri wa anga nchini
KUTOKA: Muuza dagaa, soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza
YAH: SAA ZA KURUKA ZINAZODAIWA KWA MARUBANI VIJANA NA NAMNA ZINAVYOHESABIWA

Waheshimiwa,

Kwetu Usukumani mtu haingii kwenye shauri kabla ya salamu, kwa hiyo mwangaluka, na poleni na majukumu.

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Tatu za mwanzo nilizileta kwa njia iliyonyooka: ya kwanza Machi 2024, ya pili Novemba mwaka huohuo, ya tatu Juni 2025. Nakala ninazo zote, kila moja imegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA kwa wino wa zambarau na saini ya masijala pembeni. Nilipopiga simu niliambiwa, "Mama, suala lako liko mezani." Nilipopanda basi kuifuata hiyo meza, niliambiwa mwenye meza yuko semina. Ndiyo maana leo naandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Mimi si mtu wa anga. Nauza dagaa, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Ninachokijua kuhusu ndege nimekijua kwa sababu mwanangu wa pili ni rubani, au tuseme ana karatasi za urubani. Mimi na baba yake tuliuza mitumbwi miwili, injini moja na kiwanja cha Buswelu, tukaongeza mkopo wa kikundi, tukampeleka Afrika Kusini kusoma. Ilitutoka zaidi ya shilingi milioni 120. Alirudi mwaka 2022 na leseni ya rubani wa biashara, akafanya mitihani ya kuibadilisha iwe ya hapa nyumbani, akafaulu. Kitabu chake cha kumbukumbu za kuruka kina saa 212. Leo ananisaidia kupakia magunia. Wabeba mizigo wanamwita "Kapteni", na siku nyingine hata mimi siwezi kujua kama ni heshima au ni utani.

Niliseme mapema tusipotezeane muda: siombi masharti yapunguzwe. Nami napanda ndege kwenda Dar es Salaam nikiwa na haraka, na tunapopita juu ya ziwa napenda kuamini kwamba aliyekaa mbele anaijua kazi yake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kati ya saa 200 na saa 1,500 hakuna njia

Viwango vyenyewe havikutungwa hapa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka angalau saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi na saa 200 kwa leseni ya biashara, au 150 kama mtu amesoma kozi nzima iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ya yule anayekaa kiti cha kushoto na kuitwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500. Ndani ya hizo 1,500 kuna mchanganuo pia: saa 100 za usiku, saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo (yaani kusoma vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje), na nyinginezo. Sina ugomvi na namba hizo.

Tena leseni aliyonayo mwanangu, kwa viwango hivyohivyo, inamruhusu kuwa rubani msaidizi. Ulaya kijana mwenye saa 200 hivi, akishafundishwa aina ya ndege atakayorusha, anakaa kiti cha kulia na kuanza kazi chini ya kapteni. Marekani hapana. Kule tangu mwaka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa saa 1,500, isipokuwa aliyetoka jeshini (750) na aliyesoma shahada ya anga kwenye chuo kinachotambuliwa (1,000). Lakini Mmarekani anapata pa kuzitafuta. Akimaliza masomo anakuwa mwalimu kwenye shule za urubani, na kule shule zimejaa. Anafundisha wenzake mwaka mmoja, miwili, saa zinajaa huku analipwa.

Hapa kwetu tangazo la kwanza la kazi aliloniletea lilitaka saa 500. La pili 1,000. La tatu 1,500, na kati ya hizo 500 ziwe za ndege ya aina hiyohiyo ya hilo shirika. Nikamuuliza, "Sasa mtu ambaye hajaajiriwa atazipataje saa za ndege yao?" Akacheka tu. Tumechukua ukali wa Marekani tukaziacha shule zao kulekule. Kigongo na Busisi tulivuka kwa kivuko miaka mingi hadi daraja lilipokuja. Kwa hawa vijana hata kivuko hakijawahi kuwepo.

Niwaambie tunavyofanya sisi ziwani. Kijana akienda kambini, Ukerewe au Kome, hapewi injini siku ya kwanza. Anachota maji mtumbwini kwa kopo, anashika taa, anavuta nyavu mpaka viganja vinachubuka. Miezi inapita. Halafu usiku mmoja ziwa likiwa limetulia, nahodha anamwachia injini, yeye anakaa ubavuni kwake kama aliyesinzia, kumbe jicho liko wazi. Baba yake huyu Kapteni wangu alifunzwa hivyo, na amefunza wengi hivyo. Sijasikia mwenye mtumbwi anayemwambia kijana, "Nenda kawe nahodha kwanza, kisha uje nikupe kazi ya kuchota maji."

2. Saa za kalamu

Hili ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo ambalo barua zangu tatu zililitaja bila kupata hata swali moja kutoka kwenu.

Siku moja alikuja nyumbani kijana mmoja nadhifu, viatu vinang'aa kana kwamba hakupita kwenye matope ya Kirumba. Alikuwa na ofa. Saa 300 zingeingizwa kwenye kitabu cha mwanangu bila yeye kuruka, kila saa shilingi 15,000, na saini ya mkufunzi juu yake. Ndege inayotajwa ipo kweli, alisema, tena iko nje ya nchi, nani atafuatilia? Akafungua kitabu cha mtu mwingine kama sampuli.

Nikakiomba. Miezi mitatu ya safari, kurasa saba, kalamu moja. Mwandiko umelala upande uleule mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali wino umekatika. Nikaenda chumbani nikachukua cha mwanangu. Chake kina bluu, kina nyeusi, kuna ukurasa una duara la kikombe cha chai, kuna siku aliandika saa 1.4 akafuta akaandika 1.2 na mwalimu akasaini pembeni ya marekebisho. Sijasoma urubani, lakini nimeandika madaftari ya mali kwa miaka kumi na tisa na ninajua daftari lililoandikwa kwa siku moja linavyofanana.

Mwaloni tunawajua watu hawa. Dagaa wakianikwa chini wanabeba mchanga, na wako wauzaji wanaouacha makusudi kwa sababu mchanga una uzito. Mizani inasoma kilo, sufuria inakuja kusoma mchanga huko Lubumbashi. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu akifika kwangu haanzi na mizani. Anachomeka mkono mpaka katikati ya gunia, anatoa konzi, anaimimina kutoka kiganja hiki kwenda kile huku anapuliza. Swali langu kwenu: kati yenu na mashirika yanayoajiri, nani anachomeka mkono kwenye gunia? Au mnasoma tu jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa?

Mwanangu alimrudishia yule mgeni kitabu chake na kumsindikiza mpaka barabarani. Mwingine aliyetembelewa wiki ileile alijibu nini, mimi sijui. Na siku moja huenda nikawa nimekaa nyuma yake, mkanda nimefunga.

Karatasi zikitiliwa shaka gharama haiishii kwa mtu mmoja. Juni 2020 waziri wa anga wa Pakistan alilieleza bunge lao kwamba marubani 262 kati ya 860 walikuwa na leseni za mashaka. Haikupita wiki moja Ulaya ikasitisha safari za shirika lao la taifa za kwenda kule, hata kwa marubani waliosoma kwa jasho. Na sisi tusijifanye tuko mbali na moto: Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania kwenye orodha yake ya yasiyoruhusiwa kuruka kwao. Sisemi sababu ilikuwa saa za kalamu. Nasema nchi ambayo usimamizi wake umeshatiliwa mashaka haiwezi kumudu kashfa ya madaftari.

3. Mnahesabu saa, hamwulizi ni saa za nini

Ile sheria ya Marekani ya saa 1,500 ilizaliwa na ajali. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya injini mbili za pangaboi, Dash 8 Q400, ilianguka karibu na Buffalo ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Ndege ilikuwa imepunguza mwendo kupita kiasi, usukani ukatikisika kumwonya rubani. Badala ya kushusha pua ndege ishike hewa, kapteni akauvuta usukani nyuma. Nilipoelezwa habari hiyo nikauliza, walikuwa na saa ngapi? Kapteni zaidi ya 3,300. Msaidizi zaidi ya 2,200. Wote walikuwa wameshaivuka ile 1,500 iliyokuja kutungwa kwa ajili ya msiba wao. Ila kapteni alikuwa amefeli mitihani kadhaa ya kuruka siku za nyuma, na mwajiri wake hakuwa na habari zote, na wote wawili walikuwa wamechoka. Namba ilikuwepo. Kilichokuwa ndani ya namba hakuna aliyekichungulia.

Mwanangu amejifunza kwenye anga kavu, jua kali, unaona mlima ulio mbali kama uko uani. Saa 212 za namna hiyo ni za kweli, lakini si za ziwa hili. Hapa usiku maji yanabaki na joto kuliko nchi kavu, upepo unatoka pande zote za ufuo kuelekea katikati, unakutana, unapanda, na mawingu ya radi yanajengeka wakati watu wamelala. Alfajiri yanasukumwa kuelekea Bukoba na visiwa. Mvuvi yeyote wa dagaa atakueleza hayo kwa lugha yake. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia majini karibu na uwanja wa Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 43 walikuwemo, 19 hawakutoka hai, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao, na waliofika mwanzo kwa mitumbwi walikuwa wavuvi. Sitii saa za marubani wale kwenye hoja yangu, sina haki hiyo, na familia zao zimelia vya kutosha. Ninachosema ni kwamba ziwa hili lina tabia zake, na rubani anazijifunza akiwa ubavuni mwa anayezijua. Hakuna safu ya hilo kwenye vigezo vyenu.

4. Rubani kulipia kiti

Kampuni moja, siitaji, ilimwambia mwanangu anaweza kukaa kiti cha kulia kwa saa 500 kama atalipa dola. Yaani abiria amelipa nauli nyuma, na msaidizi wa rubani naye amelipa nauli mbele. Mtu aliyelipia kiti atamwambia kapteni, "Mzee, tusiondoke, lile wingu silipendi"? Mimi nadhani atanyamaza.

5. Leseni inaoza ikiwa kabatini

Kila mwaka daktari wa anga, kila mwaka mtihani wa kuruka kwa vyombo, na ili kubeba abiria lazima uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Ndege ya kufanyia hayo inakodishwa kwa saa. Tangu 2022 naendelea kulipia karatasi isiyofanya kazi, kama mtu anayelipia leseni ya mtumbwi uliokwishaoza.

Najua majibu yenu, baadhi nimeshayasikia kwa simu.

Mtasema bima ndiyo inayodai saa nyingi, si nyinyi. Sawa, lakini bima inaogopa kwa sababu haijui kilichomo kwenye gunia. Mkiwa na utaratibu wa kukagua saa na kuwaona vijana wakifunzwa hatua kwa hatua, mwenye bima atakuwa na kitu cha kushika zaidi ya jumla ya chini ya ukurasa.

Mtasema ni soko huria, shirika linaajiri limtakaye. Anga si soko la Mwaloni. Hata Mwaloni kwenyewe mizani inakaguliwa na kubandikwa stika.

Mtasema mbona wapo waliopata kazi. Wapo, nawapongeza. Waulizeni mmoja mmoja nani alikuwa na mjomba.

Sasa ninachoomba.

La kwanza ni la kesho asubuhi, halihitaji bajeti: wekeni wazi, kwa Kiswahili, vigezo vya chini vya kisheria kwa kila kiti cha ndege ya biashara, ili mzazi ajue kabla ya kuuza kiwanja kwamba leseni ya saa 200 ni mwanzo wa safari. Shule za nje zinatuonyesha picha za vijana wenye shati jeupe na mabega yenye mistari. Huo upande mwingine hatuonyeshwi.

La pili, kila saa ya kitabu cha rubani iwe na pacha wake. Ndege nayo ina kitabu chake, injini ina saa zake, uwanja una kumbukumbu za nani aliruka na kutua. Mnapotoa au kupandisha leseni, chukueni kurasa kadhaa bila kuchagua, mzilinganishe na vitabu vya ndege husika, hata kama iko nje ya nchi. Andikieni mamlaka za huko. Atakayekutwa na saa za kalamu anyang'anywe leseni, na aliyemsainia aende naye.

La tatu ndilo kubwa. Kutoka Mwanza ndege ndogo za injini moja zinabeba abiria kwenda Serengeti na kwingine zikiwa na rubani mmoja, na kiti cha kulia mara nyingi kiko wazi au amekaa mtalii mwenye kamera. ICAO inasema nchi ikiamua kwamba ndege ya namna hiyo lazima iwe na rubani msaidizi, basi msaidizi anaweza kuhesabiwa hadi nusu ya saa zake kuelekea leseni ya juu. Nusu! Amueni hivyo kwa safari za abiria zinazopita juu ya ziwa na za msimu wa mvua. Kijana akiruka saa 600 anapata 300 halali, amezipata kwenye hali ya hewa ya hapahapa, ubavuni mwa mtu aliyezeeka na mawingu haya. Abiria wanapata macho manne badala ya mawili. Kampuni zitalalamika uzito na gharama, na zina haki ya kusikilizwa: kaeni nazo, pangeni posho ndogo, pangeni ni ndege zipi na njia zipi. Ila msianze na "haiwezekani".

La nne, pigeni marufuku kuuza kiti cha rubani. Hili sidhani linahitaji maelezo.

La tano, nijibiwe kwa maandishi. Muhuri wa IMEPOKELEWA ninao mitatu, unatosha.

Cheti cha daktari cha mwanangu kinaisha tarehe 14 mwezi ujao. Nimeshatenga pesa ya kukihuisha, mauzo ya magunia tisa. Mkija au mkimtuma mtu, tuko Mwaloni, upande wa magari ya Kongo yanapopakilia. Asiulize mama rubani, hawatamwelewa. Aulize mama Kapteni, ataletwa mpaka kwenye gunia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama Kapteni
Mwaloni, Kirumba, Mwanza